Sarafu Isiyonunua Kitu

Mwaka 2004, wakati Somalia haikuwa na serikali yenye kuudhibiti hata mji wake mkuu, zilitolewa kwa jina la nchi hiyo sarafu 6 zenye umbo la gitaa. Kila moja ilikuwa na rangi yake ya kung'aa, na kila moja iliandikwa thamani ya dola 1. Hazikukusudiwa kufika soko la Bakara mjini Mogadishu. Zilikusudiwa wakusanyaji wa sarafu wa Ulaya na Marekani, ambao huzihifadhi katika vibweta vya plastiki ili zisiguswe. Ukizigeuza huku na huku hutamwona mwanamuziki yeyote wa Mogadishu aliyeenziwa, wala tamasha, wala wimbo. Jina la Somalia limo, Wasomali hawamo.

Miaka zaidi ya 260 kabla ya magitaa hayo, nahodha Thomas Coram alipata hati ya mfalme wa Uingereza ya kufungua makao ya kulea watoto waliotelekezwa jijini London. Hati ilitoka 1739, na watoto wa kwanza wakapokewa 1741. Mama aliyemleta mwanawe aliacha na alama, ili siku akijaliwa kurudi kumdai ijulikane ni yupi aliye wake. Wengi waliacha kipande cha kitambaa. Wengine waliacha sarafu: ama imesuguliwa mpaka sura ya mfalme ikafutika, kisha ikachongwa jina la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa, ama imetobolewa tundu la kupitishia uzi. Akina mama walio wengi hawakurudi. Baadhi ya alama zao zipo hadi leo katika Foundling Museum, London, na sijui kama kuna sarafu duniani zilizobeba mzigo mzito kuliko hizo.

Nimeziweka pamoja kwa sababu kati yake ndipo lilipo swali zima la sarafu za kumbukumbu, hasa zile zinazotengenezwa kwa kuagizwa na shule, kikosi, kampuni, ukoo au chama. Zote mbili hazinunui kitu. Zote mbili ni vipande vya madini vilivyotiwa alama kwa makusudi. Ila gitaa la Somalia lilikuwa na mnunuzi, na senti ya mama wa London ilikuwa na mtu wake: mtoto mmoja tu, ambaye pengine hata hakuwahi kuiona. Kwa maoni yangu, sarafu ya kumbukumbu huishi pale inapokuwa na mpokeaji anayejulikana, na hufa mapema pale inapotengenezwa kwa yeyote atakayelipa. Mambo mengine yote, kuanzia umbo na rangi hadi maandishi, yanapaswa kufuata jibu la swali hilo la kwanza: nani ataishika?

Watu waliolielewa jambo hili vizuri kuliko wengi ni wanajeshi. Nchini Marekani kila kikosi, karibu bila ubaguzi, kina sarafu yake: duara la milimita 40 hivi, zito kidogo, upande mmoja nembo ya kikosi, upande wa pili kaulimbiu au jina la kamanda. Husimuliwa kwamba desturi ilianza na rubani wa Vita Kuu ya Kwanza aliyeokolewa na medali aliyoivaa shingoni. Ni hadithi tamu isiyo na ushahidi. Lililo na uhakika ni namna inavyotolewa. Mkubwa humpa askari mkono, na sarafu imo kiganjani. Askari anahisi ubaridi wa chuma kabla hajaona kitu. Hakuna jukwaa wala hotuba. Robert Gates, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani kuanzia 2006 hadi 2011, alikuwa akiwazungukia wanajeshi kambini na kuwapa sarafu mmoja mmoja kwa namna hiyo.

Ningependa tuliangalie hilo kwa makini, maana shughuli zetu za kuaga na kupongeza zimeegemea sana jukwaa. Ngao ya kioo inahitaji mgeni rasmi, mshereheshaji, mpiga picha na foleni ya watu waliovaa vizuri. Cheti kinahitaji fremu na ukuta wa kukitundika. Basi wanaotunzwa ni wale wanaoweza kuitwa mbele. Muuguzi wa zamu ya usiku hayupo siku hiyo, amelala. Dereva yuko nje na gari. Mpishi wa shule yuko jikoni akipakua pilau ya hiyo sherehe yenyewe. Sarafu ndicho kitu pekee cha heshima ninachokijua ambacho mkuu wa shule anaweza kukichukua mfukoni, akaingia nacho jikoni, akampa mpishi kwa mkono wa kulia na kumwambia, "Mama, hii ni yako, kwa miaka yote uliyotulishia watoto." Na thamani yake haipungui hata chembe kwa kukosa kipaza sauti.

Kundi jingine lililotumia sarafu kwa busara ni la watu wanaopambana na ulevi. Mjini Akron, Marekani, mtawa Ignatia wa hospitali ya St. Thomas alikuwa akiwapa wagonjwa waliotoka medali ndogo ya Moyo Mtakatifu, na kuwataka wairudishe kwanza kabla ya kunywa tena. Mlevi aliyetaka kurudia chupa ilimbidi asafiri, agonge mlango na kumtazama mtawa usoni. Vikundi vya waraibu waliopona vikaendeleza mtindo huo kwa namna yao: kipande cha saa 24 za kwanza, cha siku 30, cha miezi 6, cha mwaka. Hapa sarafu haiadhimishi jambo lililokwisha. Inasimamia kazi inayoendelea, na mwenye nayo huipapasa mfukoni kila anapopita mbele ya baa.

Kisiwani Unguja zipo soba hausi zinazowalea vijana wanaotoka kwenye dawa za kulevya kwa kufuata hatua 12 zilezile za vikundi hivyo. Nafasi ya ubunifu wa Kiswahili hapo ni pana. Sarafu ya siku 30 haina haja ya alama za kigeni wala herufi za Kiingereza. Inaweza kubeba maneno mawili tu, "Leo tu", na upande wa pili ikaachwa wazi kabisa ili kijana aandikiwe na aliyemshika mkono: mama yake, ndugu, au mwenzake wa chumba kimoja. Sonara yeyote wa Mji Mkongwe anaweza kuchonga herufi chache kwa dakika kadhaa. Upande ulioachwa wazi ni ubunifu pia, na wabunifu wengi huuogopa.

Matumizi mengine nitayapitia kwa haraka. Katika ndoa za Wahispania na Wafilipino, bwana harusi humkabidhi bibi harusi sarafu 13, na familia nyingi huzitunza kwa ajili ya kizazi kinachofuata. Nchini Iran mahari huhesabiwa kwa sarafu za dhahabu. Mafundi wa fedha wa Oman walitumia sana riali za Maria Theresa, zile za Austria zilizoandikwa mwaka 1780 na kuendelea kufuliwa muda mrefu baada ya malkia huyo kufariki. Waliziyeyusha wakafulia mapambo, au wakazining'iniza nzima kwenye mikufu. Kwetu sisi, ambao kutuza ni sehemu ya harusi na ya taarabu, sarafu chache zenye majina ya maharusi na tarehe zingeweza kuwabakia makungwi, mashahidi na somo wa bibi harusi muda mrefu baada ya noti kutumika. Mwamuzi wa mpira naye hurusha sarafu kila mechi. Ligi ya mkoa inayoadhimisha miaka yake inaweza kumfulia sarafu ya kurushia yenye pande zinazotofautiana waziwazi kwa rangi, na ikatumika msimu mzima badala ya kulala kabatini. Wajenzi wa meli wa Kirumi walikuwa wakiweka sarafu chini ya mlingoti. Katika jahazi lililofukuliwa Blackfriars, London, ilikutwa sarafu ya mfalme Domitian, na upande uliokuwa juu ulikuwa na picha ya Fortuna, mungu wao wa bahati, ameshika usukani. Yule fundi aliichagua sarafu ile na akachagua upande wa kuulaza. Anayeweka jiwe la msingi la zahanati leo angeweza kufanya kazi ya namna hiyo hiyo.

Nikija kwenye ubunifu wenyewe, naanzia Kilwa, na kwa kweli ningeweza kuishia hukohuko.

Masultani wa Kilwa walifua sarafu zao za shaba kwa karne kadhaa, na al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331, alifua hata za dhahabu. Kabla ya hapo, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, watawala wa Kiislamu walikuwa na vijisarafu vyao vya fedha. Wataalamu wa mambo ya kale walichimbua zaidi ya 2,000 kwa mkupuo mwaka 1984. Sarafu ya Kilwa imeokotwa Zimbabwe Kuu. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 na askari mmoja kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo watu wanabishana zilifikaje kule. Yote hayo yanavutia, lakini kwa mbunifu kuna jambo kubwa zaidi: maandishi ya Kiarabu ya sarafu hizo yana vina. Upande mmoja unataja jina la sultani. Upande wa pili unaeleza kwamba anamtegemea Mwenyezi Mungu, kwa sifa ya Mungu iliyochaguliwa iishie kwa sauti ileile inayoishia jina la sultani. Anayeigeuza sarafu anaukamilisha ubeti. Mkono ndio unaosoma.

Sijui sarafu ya kisasa ya Afrika Mashariki iliyoufuata mtindo huo, na naona ni hasara kubwa, kwa watu ambao wamezoea kuvaa methali viunoni. Kanga inatufundisha kila siku kwamba maandishi mafupi yaliyowekwa mahali pake huweza kusema lisilosemeka mdomoni. Sarafu ina nafasi ndogo kuliko kanga, lakini ina kitu ambacho kanga haina: pande mbili zisizoonekana kwa wakati mmoja. Chuo cha uuguzi kinachomuaga mkunga kinaweza kuandika upande mmoja "Mkono uliotibu" na upande wa pili "Malipo yake thawabu": mizani 8 huku, mizani 8 huku, kina kimoja. Hakuna nembo ya tai wala ngao inayoweza kumgusa mkunga wa Tanga au wa Lamu kwa kiasi hicho. Washairi wapo, magazeti yana kurasa zao, na kazi ya mistari miwili si ghali. Kabla ya kumtafuta mchoraji wa kompyuta, mtafute mtunzi.

Baada ya maneno, picha. Hapa kosa la kawaida ni kutaka kuweka kila kitu: jengo, mwanzilishi, mlima, kitabu kilichofunguliwa, mwenge, twiga, na kaulimbiu kuzunguka ukingo. Kwenye karatasi ya A4 mchoro huo unapendeza. Kwenye duara la milimita 40 unakuwa uji. Tazama shilingi 1 ya Tanzania iliyotolewa 1966. Upande mmoja una sura ya Mwalimu Nyerere, upande wa pili una mkono ulioshika mwenge, basi. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu Alexander Nyirenda apandishe mwenge kileleni Kilimanjaro usiku wa uhuru, na kila aliyeishika sarafu hiyo alijua kinachosemwa bila kuambiwa. Mlima haukuchorwa. Ungechorwa, mkono ungekuwa mdogo na moto ungekuwa nukta.

Picha ya mtu ina matatizo yake. Mwaka 1787 Josiah Wedgwood, mfinyanzi wa Uingereza, alitengeneza medali ya kampeni ya kupinga biashara ya watumwa. Ilionyesha Mwafrika aliyefungwa minyororo, amepiga magoti, akiuliza kama yeye si mtu na ndugu. Ilienea kwa kasi. Wanawake waliivaa kwenye bangili na kwenye nywele, wanaume waliipachika kwenye vikasha vya tumbaku. Kama chombo cha kampeni ilifanya kazi kubwa, na siikatai. Lakini iliuzoesha ulimwengu kumwona Mweusi akiwa chini, akiomba. Kila shirika linaloagiza sarafu ya kuadhimisha "wanufaika" wake lingefanya vyema kuitazama medali ile kwa muda mrefu kabla ya kuidhinisha mchoro. Mkulima anayepokea msaada amechorwa akifanya nini? Anamtazama nani? Angefurahi kumwonyesha mwanawe?

Kwa upande wa viongozi, Kenya ilichukua njia ya moja kwa moja. Kenyatta alifuliwa kwenye sarafu za dhahabu mwaka 1966 kuadhimisha miaka 75 ya kuzaliwa kwake, na kwa miaka mingi kila rais alikuja na sura yake kwenye fedha. Katiba ya 2010, ibara ya 231, ikapiga marufuku: noti na sarafu zionyeshe Kenya, zisionyeshe picha ya mtu yeyote. Desemba 2018 zikatoka sarafu mpya zenye twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na ndovu kwenye 20. Amri hiyo haiigusi sarafu ya shule au ya chama, lakini fikra iliyomo inafaa kuigwa. Mwenyekiti anayeweka sura yake kwenye sarafu ya miaka 25 ya ushirika amewafutia kumbukumbu wanachama wote waliokuwa wakileta kahawa kiwandani.

Kenya hiyohiyo ilitupa pia mfano mzuri wa wazo jepesi lililokaa sawasawa. Mwaka 2003, ilipotimiza miaka 40 ya uhuru, Benki Kuu ilitoa sarafu ya shilingi 40. Hapakuwa na sarafu wala noti ya shilingi 40 kabla yake. Muuza maembe aliyeipokea alilazimika kujiuliza kwa nini 40, na jibu lilikuwa ndiyo kumbukumbu yenyewe. Miaka 30 nyuma, kwenye mwaka wa 10 wa uhuru, Kenya ilikuwa imetoa shilingi 5 yenye pembe 9, na Tanzania nayo iliadhimisha mwaka wake wa 10, 1971, kwa shilingi 5 yenye pembe 10. Pembe 10 kwa miaka 10: mtoto anaweza kuzihesabu kwa kidole gumba gizani. Kwa sarafu ya kuagizwa, isiyotakiwa kuandikwa thamani ya fedha, umbo linaweza kubeba hesabu kwa njia hiyohiyo. Ndugu saba wanaomwadhimisha mama yao wana haki ya sarafu yenye pembe 7.

Nimetaja kidole gumba kwa makusudi. Sarafu hushikwa kabla haijatazamwa, na wabunifu wengi, kwa kuwa hufanya kazi kwenye skrini, hulisahau hilo. Mwaka 2009 Marekani ilitoa dola ya fedha ya kumbukumbu ya Louis Braille ikiwa na nukta zinazosomeka kwa vidole; miaka sita kabla yake robo dola ya jimbo la Alabama ilimwonyesha Helen Keller na jina lake kwa nukta. Shule ya wasioona inayoagiza sarafu tambarare yenye rangi nyingi itakuwa imewapa wanafunzi wake kitu wasichoweza kukisoma. Hata kwa wanaoona, mwinuko wa nakshi ndio unaoifanya sarafu ipapaswe mara kwa mara, na kupapaswa ndiko kunakoikumbusha.

Kuna na ukingo, ambao karibu kila anayeagiza huuacha mtupu. Medali ya Nobel ya Amani, aliyoichonga Gustav Vigeland, ina upande wenye wanaume watatu waliokumbatiana, na jina la mshindi huchongwa ukingoni. Wangari Maathai alipoipokea mwaka 2004, sura ya medali ilikuwa ileile waliyoipata wenzake wote waliomtangulia. Kilichomfanya awe na yake ni ukingo. Medali ya Fasihi, ambayo Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar alitunukiwa mwaka 2021, ni ya mchongaji mwingine, Erik Lindberg: kijana ameketi chini ya mti akiandika anayoyasikia kutoka kwa mungu wa kike wa sanaa, na jina la mwandishi limechongwa chini ya picha hiyo. Kalibu ni ya wote, jina ni la mmoja. Kwa bajeti ndogo huo ndio mpango bora ninaoufahamu: gharama ya kalibu hulipwa mara moja, kisha kila sarafu huchongwa jina lake kwa leza au kwa patasi ya sonara.

Kuhusu madini, tumezoea kuuliza bei tu, ilhali madini yanaweza kuwa ndiyo hadithi. Medali za Olimpiki ya Tokyo zilitengenezwa kwa madini yaliyokamuliwa kutoka vifaa vya umeme vilivyotupwa, zikiwemo simu za mkononi milioni 6.21 zilizochangwa na Wajapani. Zilipatikana kilo 32 hivi za dhahabu, fedha kilo 3,500 na shaba kilo 2,200. Paris, mwaka 2024, kila medali ilipachikwa katikati kipande cha pembe 6 cha chuma kilichotoka mnara wa Eiffel, gramu 18. Mwanariadha alirudi kwao na kipande cha mnara.

Afrika Mashariki ilifanya jambo la aina hiyo mapema zaidi, kwa kulazimika. Mwaka 1916 Wajerumani wa Tanganyika walikuwa wamezingirwa, meli za Kiingereza zimefunga bahari, na fedha za kulipia watu zimekwisha. Katika karakana ya reli ya Tabora walifua sarafu za rupia 15 kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke, na sarafu za heli 5 na za heli 20 kwa shaba ya njano. Sarafu hizo za dhahabu zilikuwa 16,198. Upande mmoja una tai wa dola ya Ujerumani, kama ilivyotarajiwa. Upande wa pili una ndovu aliyeinua mkonga, na nyuma yake mlima. Septemba mwaka huohuo Tabora ikatwaliwa na Wabelgiji, na dola iliyokuwa na tai yule ikaanguka miaka miwili baadaye. Anayetafutwa na wakusanyaji mpaka leo ni ndovu. Kilichonivutia mimi hata hivyo ni karakana. Mashine za kutengenezea vipuri vya garimoshi na mafundi wa reli walifua sarafu ambayo haioni haya mbele ya sarafu za London au Berlin.

Basi shirika la reli linaloaga magarimoshi yake makuukuu linaweza kuyeyusha shaba ya nyaya zake. Chama cha wavuvi kina misumari ya majahazi yaliyovunjwa. Kule Lubumbashi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mitaani, shaba ilikuwa fedha kabla ya fedha za kikoloni: misalaba ya shaba ya Katanga ilinunua bidhaa, na ikarudi kama picha kwenye sarafu za Katanga za mwaka 1961, ikiwa na mkungu wa ndizi upande wa pili. Mafundi wa mji huo bado wanafua picha kwenye mabati ya shaba kwa nyundo. Chuo au parokia ya huko inayoagiza sarafu za zinki kutoka ng'ambo, ilhali mafundi hao wapo mtaa wa pili, inapaswa kujiuliza mara mbili.

Si kila mtu ana mafundi jirani, na sarafu nyingi za kuagizwa huishia kutengenezwa viwandani China. Hilo si baya, ila ni vizuri kujua unachokinunua. Kuna kufua na kuna kumimina. Sarafu iliyofuliwa hugongwa na kalibu ya chuma kigumu kwa nguvu kubwa, kwenye shaba nyekundu au ya njano. Nakshi zake ni kali na uzito wake unahisika. Iliyomiminwa ni zinki iliyoyeyushwa ikamwagwa kwenye kalibu. Inaruhusu matundu na maumbo ya ajabu, lakini ni nyepesi na herufi ndogo hupotea. Ukiandikiwa "dhahabu" kwenye bei ya chini, ni dhahabu ya kuchovya, ngozi nyembamba sana juu ya madini ya kawaida. Sioni ubaya wa kuchovya, naona ubaya wa kumwambia mstaafu kwamba umempa dhahabu. Rangi nayo ipo ya aina mbili: laini, inayokaa chini ya mistari na kuacha mwinuko uhisike, na ngumu, inayosuguliwa hadi ilingane na mistari. Kwa sababu nilizozieleza, mimi huchagua laini, au kutotia rangi kabisa na kuiacha shaba izeeke mikononi.

Sheria nayo isipuuzwe. Haki ya kutoa sarafu halali ni ya benki kuu peke yake, kwa hiyo sarafu ya chama isiandikwe shilingi, isifanane kwa ukubwa na rangi na sarafu iliyo sokoni, na isitumie nembo ya Taifa bila kibali. Wapo waliovunja sheria ya namna hii kwa sababu nzito. Wanawake wa Uingereza waliodai kura waligonga herufi moja moja kwenye peni za mfalme Edward wa Saba, juu ya uso wake, kudai kura kwa wanawake, na moja ya mwaka 1903 imo British Museum. Walitaka sarafu ipite mikononi mwa kila mtu, kwa kuwa peni haikuwa na thamani ya kutosha kwa serikali kuhangaika kuikusanya. Walichagua sarafu ambayo mpokeaji wake ni nchi nzima, na walijua wanachokifanya.

Idadi pia ni sehemu ya ubunifu. Wauzaji hupunguza bei kadiri unavyoagiza nyingi, na hapo ndipo kamati nyingi hutekwa: wahitimu ni 60, zinaagizwa 500, zilizobaki zinagawiwa kwa kila mgeni anayepita ofisini mpaka mhitimu naye anaona ya kwake haina maana. Afadhali 70 za shaba nzuri. Sitini za wenyewe, chache za walimu na wapishi, na mbili za akiba ya kumbukumbu: moja ibaki shuleni pamoja na kalibu na barua inayoeleza nani alichora, nani alitunga maneno na nani alifua, nyingine ipelekwe makumbusho ya mkoa au ya Taifa. Wachimbuaji wa Mtambwe Mkuu walizikuta sarafu bila barua yoyote, na kazi ya kuwatambua watawala waliotajwa juu yake imewachukua wataalamu miongo kadhaa.